Kisiki cha baba

Nina daftari la kurasa 96 nililolinunua kwa ajili ya hesabu za chama. Ukurasa wa kwanza una hesabu za chama. Kuanzia wa pili hadi karibu wa arobaini ni vijiti vilivyokufa.

Maandishi ya kwanza yanasema hivi: "Novemba 12, 2019. Vipandikizi 40, mukau wa baba, matawi ya chini. Mchanga wa mto. Kivulini, chini ya mwembe." Chini yake, kwa kalamu nyingine: "Desemba 9. Vyote vimekauka. Sufuri."

Nilifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka 34. Kila mwaka nilichora ubaoni shina la muhogo likitoa mizizi, nikawaambia watoto kwamba mimea mingine huzalishwa kwa shina, tukaendelea na somo la maua. Hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza ni mimea gani inayokataa, na mimi sikujiuliza. Nilistaafu mwaka ule wa 2019 nikiwa na kitalu kidogo nyuma ya nyumba na imani kwamba mti wowote ukiuchomeka kwenye mchanga na kuumwagilia maji utaota, mradi uwe na subira.

Kwa wasiotoka Ukambani: mukau ni mti wa nchi kavu, wa ukoo mmoja na mwarobaini na mkangazi. Wataalamu huuita Melia volkensii. Mbao zake ni nyekundu nyekundu, nzuri kwa milango na vitanda, na mchwa wakizijaribu huziacha. Wazee walichonga mizinga ya nyuki kwa mti huohuo. Hukua haraka ajabu kwa mahali penye mvua haba kama kwetu Kitui Kusini. Ukiutunza, miaka 12 au 15 unapasua mbao. Na kiangazi kikali, wakati kila kitu ni kijivu, mukau huchipua majani mapya hata kabla ya wingu la kwanza kuonekana, na mbuzi wote wa kijiji wanajua hivyo.

Ule wa baba aliupanda mwaka 1971, mimi nikiwa darasa la tano. Hakuutoa kitaluni, maana siku hizo kitalu cha mukau hakikuwapo. Mche ulijiotea kwenye samadi ya boma la mbuzi wa mama, akaung'oa na udongo wake, akaupanda kwenye mpaka wa shamba. Ulipanda juu kama mlingoti. Tawi la kwanza lilikuwa juu ya paa la nyumba. Mafundi wa mbao walikuwa wakisimamisha bodaboda barabarani kuutazama tu, kama watu wanavyomtazama fahali wa mtu mwingine.

Baba alifariki mwaka 2018. Ndipo nikaanza kuutaka mti huo. Si mwingine wa aina yake, huohuo.

Mbegu? Nilianza na mbegu kama kila mtu. Tunda la mukau lina kokwa ngumu kama jiwe. Mbuzi hula nyama ya tunda, usiku akicheua hutema kokwa bomani, na asubuhi watoto huziokota. Kisha unaipasua kwa kisu kizee na nyundo, taratibu, usije ukaponda mbegu iliyomo ndani. Mbegu yenyewe unaikata ncha kidogo, unailoweka usiku kucha, unaichana ganda la juu kwa wembe, ndipo unaipanda kwenye mchanga safi ndani ya hema la nailoni lenye joto la kukutoa jasho. Ukikosea hatua moja, kuvu anamaliza zote. Nimepoteza ncha ya kucha ya kidole cha shahada kwenye kazi hiyo. Hata hivyo nilipata miche tisa kutoka matunda ya mti wa baba, nikaipanda. Miwili ilinyooka. Mingine ilipinda, ikagawanyika matawi kwenye kiuno, mmoja ulikuwa kama kichaka. Maua ya mukau huchavushwa na wadudu kutoka miti mingine. Yule mtoto ana mama unayemjua na baba usiyemjua.

Ndiyo maana nikataka kipandikizi. Kipandikizi hakina baba wala mama, ni mti uleule ukianza tena.

Sasa nieleze kosa la wale 40 wa kwanza, maana naliona kwa watu wengi. Nilikata matawi ya unene wa kidole gumba, nikayapukutisha majani yote, nikayachomeka mchangani. Ndivyo tunavyofanya na muhogo, ndivyo tunavyofanya na mnyaa wa ua, na vinaota. Lakini muhogo una akiba ya chakula tele katika shina lake. Mukau mkavu namna ile hauna. Mizizi mipya inajengwa kwa sukari, na sukari inatoka kwenye jani. Ukiondoa majani yote umefunga jiko. Ukiyaacha yote, jani linapoteza maji ambayo hakuna mzizi wa kuyarudisha, na kijiti kinakauka kwa siku mbili. Kazi yote ya vipandikizi vya miti migumu iko kati ya hayo mawili: jani libaki, tena lisikauke.

Haya niliyajua baadaye. Wakati ule nilichofanya ni kwenda dukani kwa agroveti kutafuta dawa. Nilipewa kikopo cha unga wa kuchochea mizizi ambacho kilikuwa kimekaa dirishani, juani, kwa muda ambao hata mwenye duka hakuukumbuka. Karatasi yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Ukurasa wa tatu: "Vipandikizi 50, na unga. Sufuri." Unga wenyewe si uongo. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa asidi ya indoli-butiriki, kwa kifupi IBA, ambayo watafiti Zimmerman na Wilcoxon walionyesha mwaka 1935 huko Marekani kwamba huamsha mizizi kwenye mashina, na hadi leo ndiyo inayotumika zaidi duniani kwa kazi hii. Lakini haipendi joto wala mwanga, na haifufui kijiti kilichokwisha kufa.

Aliyenitoa gizani ni kijana niliyemfundisha darasa la sita, ambaye sasa anafanya kazi katika kitalu cha miti. Alikuja kunipa pole ya msiba, akiwa amechelewa mwaka mzima, akaona vijiti vyangu vilivyokauka vimesimama kwa mistari kama makaburi ya panya. Alivitazama kwa adabu. Kisha akasema, "Mwalimu, hivi umevipanda au umevikausha?"

Nikamwambia asinicheke. Akavua koti, tukajenga sanduku.

Sanduku hilo si siri ya mtu. Mwaka 1990 mtafiti wa miti Roger Leakey na wenzake waliandika jinsi ya kulitengeneza, wakiwa wanatafuta njia ya kuotesha vipandikizi vya miti ya nchi za joto mahali pasipo umeme wala maji ya bomba. Vitalu vikubwa vina mashine za kunyunyiza ukungu wa maji kila baada ya dakika chache. Sisi tuna jerikeni, na jerikeni kwetu mwezi wa Septemba ni pesa. Uzuri wa sanduku ni kwamba linanyesha mvua yake lenyewe.

Letu lina urefu wa mita mbili na upana wa mita moja, fremu ya mbao za mabaki. Tulilivisha karatasi moja ya nailoni ngumu na angavu, chini na ubavuni, bila tundu hata moja, na kifuniko chake vilevile. Ndani, chini kabisa, mawe ya ukubwa wa ngumi. Juu yake kokoto, kisha changarawe, kina cha kama sentimita 20. Juu kabisa sentimita 10 za mchanga wa mto. Kwetu kuna mchanga mzuri kuliko popote, malori ya Nairobi yanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Niliuosha maji matatu mpaka ukaacha kuchafua, nikauchanganya na vumbi la mbao lililooza kwa sehemu moja juu ya tatu. Kwenye kona tulisimamisha kipande cha bomba kinachopita tabaka zote. Maji unayamimina humo, nayo yanakaa kwenye mawe, yakiishia chini ya mchanga bila kuufunika. Kujua kiwango chake unachovya kijiti, kama dereva anavyopima oili.

Mchanga unayanyonya maji kutoka chini, unabaki na unyevu bila kuwa tope. Joto linageuza maji kuwa mvuke, mvuke unagonga nailoni, unarudi matone. Ukifungua kifuniko asubuhi miwani yako inaingia ukungu. Jerikeni mbili zilinitosha karibu miezi miwili. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akinihesabia kila kikombe cha maji ninachompa mti, aliacha kunisema.

Lakini lazima kuwe na kivuli. Sanduku la nailoni juani ni sufuria. Nimelipika kundi zima la vipandikizi 24 kwa saa tatu, siku ya ubatizo wa mjukuu, kwa sababu upepo uliondoa wavu wa kivuli nami sikuwapo.

Basi Mei 2020, wakati dunia imefungwa na sina pa kwenda, nikapanda tena. Safari hii nilichukua ncha changa za matawi, za kijani, si miti iliyokomaa. Nilikata saa kumi na mbili asubuhi, kabla jani halijaanza kupoteza maji, nikazitia kwenye gunia lililoloweshwa. Kila kipande sentimita saba hadi nane, chenye vifundo viwili. Jani la mukau ni jani lenye vijani vingi vidogo kwenye kikonyo kimoja, kwa hiyo nilikata kikonyo katikati na kuacha vijani vya chini tu, eneo la kama kiganja cha mtoto. Unga mpya kutoka Nairobi, asilimia 0.3. Vipandikizi 60.

Wiki ya kwanza vilikuwa kijani. Ya pili, kijani. Ya nne, kijani! Nilipiga simu kwa kila mtu. Wiki ya sita nilivuta kimoja taratibu na kikagoma kutoka, kama kinavyogoma chenye mizizi. Nilicheka peke yangu kitaluni.

Nikakichimbua. Chini palikuwa na nundu. Nyeupe, ya kukwaruza, kubwa kama punje ya mahindi, imeshikana na mchanga. Hakuna mzizi hata mmoja. Nikachimbua kingine: nundu. Na kingine. Kijiti kilikuwa kimeziba kidonda chake, kikaendelea kukiziba, kikaweka nguvu yake yote hapo kwenye kovu. Nundu hiyo mtu huihesabu kuwa dalili njema, na kwa mimea mingine huja pamoja na mizizi, lakini moja haizai nyingine. Mzizi wa kweli huanzia ndani zaidi, karibu na mishipa ya shina, na kwenye shina lililokomaa mara nyingi kuna pete ya nyuzi ngumu nje ya hapo. Nilivirudisha mchangani, nikavisubiri hadi Septemba. Majani yalianguka moja moja. Ukurasa wa kumi na nne: "60. Nundu 38. Mizizi 0."

Nilimpigia kijana wangu nikiwa na hasira kana kwamba ni yeye aliyeviua. Akaniuliza swali moja: "Mwalimu, una miche ya mbegu hapo, ya miezi michache?" Ninayo. "Kata ncha 20, fanya kila kitu vilevile, sanduku hilohilo."

Wiki ya tano, 14 kati ya 20 zilikuwa na mizizi. Mizizi minene, myeupe, inayovunjika kama tambi mbichi. Kwa hiyo sanduku lilikuwa zima, mchanga ulikuwa mzima, unga ulikuwa mzima. Kilichokuwa kibaya ni umri.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningelipenda kulijua nikiwa bado na chaki mkononi. Mti hauna umri mmoja. Ncha ya tawi la juu, hata kama imechipua juzi na ni laini kama mchicha, ndiyo sehemu ya uzee: imetoka kwenye tawi linalochanua na kuzaa, imepita njia ndefu. Sehemu ya utoto ya mti iko chini, pale shina linapokutana na ardhi. Seli za pale hazijakwenda mbali. Chipukizi likitoka pale, linatoka likiwa na tabia za mche, pamoja na wepesi wa kutoa mizizi. Mukau wa miaka 49 nilikuwa nikiukata kwenye ukongwe wake na kuuomba ufanye mambo ya kitoto. Samaki mkunje angali mbichi. Nimeiandika methali hiyo ubaoni mara mia, na kuiwekea alama watoto waliokosea maana yake.

Kuna njia ya kuupata utoto huo: unaukata mti, unasubiri kisiki kichipue. Mukau huchipua ukikatwa. Lakini nani akate mti wa baba ili kuuokoa mti wa baba?

Nilijaribu njia za pembeni. Nilifukua mzizi mmoja wa unene wa kidole na kuujeruhi kwa panga, maana mzizi wa mukau uliojeruhiwa huweza kutoa chipukizi. Ng'ombe wa jirani akakanyaga pale mara mbili na mambo yakaishia hapo. Nilijaribu shubiri na asali badala ya unga, kwa kuwa kila mtu aliniambia nijaribu shubiri na asali. Asali ilileta siafu. Na ndiyo, najua kuhusu kuunganisha. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, pale Kitui, tangu mradi wao na Wajapani ulioanza mwaka 2012, walichagua mikau bora kutoka nchi kavu, wakakata vitawi na kuviunganisha juu ya miche ya mbegu, ndivyo walivyopata mashamba ya mbegu ya Tiva na Kibwezi. Mtu akitaka shina zuri upesi, namwambia aunganishe, asihangaike na sanduku langu. Mimi mikono inatetemeka siku hizi. Kuunganisha kunataka mkono uliotulia na kisu kimoja. Kupandikiza kunataka ukaidi, na huo ninao.

Julai 2021 kaka yangu mkubwa aliuza mti.

Sitaeleza yote. Kulikuwa na ada ya chuo ya mtoto wake, na mpaka ulikuwa upande wake, na wazee walikaa na wakaona ana haki. Nilikwenda asubuhi ya siku yenyewe, si kuzuia. Nilimwambia, "Kaka, nakuomba jambo moja. Wakate kwa msumeno, si kwa shoka, na waache kisiki kirefu cha kufika magotini." Akasema atawaambia. Waliacha kisiki cha kufika kwenye kifundo cha mguu, na mwenye mbao alitaka hata hicho, kwa sababu mbao ni mbao. Nilikaa juu ya kisiki. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, mwalimu wa darasa la tatu wa huyo mwenye mbao, nimekaa juu ya kisiki na kibegi changu. Akaondoka.

Nilikizungushia miiba siku hiyohiyo, mbuzi asijue.

Agosti hakuna kitu. Septemba, mikau mingine kijijini ikaanza kuchipua majani yake ya kabla ya mvua, na mimi nikaenda kila jioni na tochi. Tarehe 3 Oktoba niliona vitone vya zambarau kwenye gome, chini kabisa, karibu na udongo. Mvua za vuli zilipokuja vikawa machipukizi 17. Mengine yalitoka kwenye ukingo wa juu wa kisiki. Hayo niliyaandika upande wake. Ya chini ndiyo niliyoyataka. Niliyaacha mpaka yafike urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko, yakiwa na vifundo vilivyoachana vizuri, nikayakata Desemba 18, 2021, nikabakiza mawili ili kisiki kipumue.

Nilipata vipandikizi 31. Sehemu ya ncha kabisa niliitupa kwa sababu ni laini mno, huoza. Nilivigawa: 16 kwa unga, 15 bila unga. Nilitoboa mchanga kwanza kwa penseli, ndipo nikachomeka, maana ukisukuma kijiti moja kwa moja unga wote unabaki juu. Nikafunga kifuniko na nikamkataza kila mtu kukifungua, nikiwamo mimi. Asubuhi moja kwa wiki, dakika tano: kuokota majani yaliyoanguka kabla hayajaoza, kunyunyiza maji kidogo, kufunga.

Wiki ya saba nilivuta kimoja. Kikagoma. Sikucheka safari hii. Nilichimbua kwa kijiko cha chai, na mkono ulikuwa ukitetemeka kuliko kawaida.

Mizizi mitatu, urefu wa kiberiti.

Kati ya vilivyopakwa unga, vinane viliota. Vya bila unga, vinne. Vyote kumi na viwili vilitoka machipukizi ya chini ya kisiki. Ya ukingo wa juu yalikuwa matano tu kwenye hesabu, na hayakutoa hata kimoja. Sitaki kujenga sheria juu ya vijiti 31. Lakini ukilinganisha na sufuri, sufuri na sufuri, kumi na viwili ni harusi.

Kisha nikaua vitatu kwa furaha. Nilivihamishia kwenye tyubu na kuviweka nje moja kwa moja, kivulini, nikidhani vimekua. Jani lililozaliwa ndani ya sanduku halijawahi kuonja upepo wa Mutomo wa mwezi wa pili. Kufika jioni yalikuwa yamejikunja. Vilivyobaki tisa nilivirudisha sandukuni vikiwa ndani ya tyubu zao, nikawa naacha kifuniko wazi saa moja, kesho yake saa mbili, hivyo hivyo kwa wiki tatu, mpaka vikalala usiku kucha wazi. Kama kuna mahali ambapo watu wanapoteza miche yao baada ya kazi yote kwisha, ni hapo.

Nilipanda mvua za Novemba 2022. Kabla ya kupanda nilitazama mizizi yao, nikaona tofauti na mche wa mbegu. Mche wa mbegu una mzizi mkuu mmoja unaoshuka wima kama msumari. Vyangu vilikuwa na mizizi mitatu minne ya kutambaa pembeni. Mwaka 2002 kundi la watafiti liliandika juu ya jambo hilihili kwenye mukau, kwamba uliotokana na kipandikizi unaweka mizizi mingi zaidi karibu na uso wa ardhi, hivyo unagombania maji na mahindi kuliko uliotokana na mbegu. Kwa hiyo wangu hawako shambani kwenye ndengu. Wako kwenye njia ya kuingilia nyumbani, kila mmoja na nguzo yake ya mwaka wa kwanza, ili upepo usiwaangushe kabla mizizi haijashika.

Sita wamesimama. Mmoja ulikauka, mmoja nilimpa kaka, mmoja uliliwa na mbuzi wake kaka, jambo ambalo tumelizungumza.

Kitu kingine ambacho nilikuwa nimekisahau kilirudi nilipoanza kuitunza. Mukau mchanga hutoa macho ya matawi mwili mzima, na ukiyaacha yanakuwa matawi ya kweli na shina linaharibika. Baba alikuwa na desturi, akitoka kunawa uso asubuhi, ya kupita kwenye mti wake na kulipangusa shina kwa kidole gumba, kutoka chini kwenda juu, akiyadondosha macho yakiwa bado malaini. Alifanya hivyo kwa miaka, mpaka tawi la kwanza likawa mahali asipofika hata kwa ngazi. Sisi watoto tulidhani anaubembeleza. Kwa hiyo unyoofu ule niliouhangaikia miaka miwili, sehemu yake haikuwamo kwenye mti. Sijui ni kiasi gani. Napita kila asubuhi nikipangusa.

Kisiki nakikata kila mwaka sasa, mvua za vuli zikianza kukolea, na mwaka jana kilinipa vipandikizi 44, mizizi 19. Daftari limebakiwa na kurasa saba.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa kaka kuupokea mchango wa arusi ya kijana wake. Mukau niliompa uko mbele ya nyumba yake, umefika urefu wa paa, majani mazuri ya kijani iliyokolea, na umegawanyika mara mbili kwenye kiuno kama manati. Nilisimama pale, nikapitisha kidole gumba kwenye shina, chini ya ile panda. Akatoka na kikombe cha chai mkononi, akaniuliza natafuta nini.